Somo la Nyuki: Kuwakaribisha Nyuki wa Mwitu Katika Shamba Lako

Mkulima wa skimu huhesabu kila kipande cha ardhi yake. Hapa ni mahindi, pale ni majani ya ng'ombe, pale ni viazi, na karibu na nyumba ni mboga na kuku. Hakuna pembe iliyobaki bure. Lakini nyuki hawaombi ekari. Wataka nafasi ya mzinga mmoja, kivuli kidogo, maji ya kunywa, na maua. Na hayo maua si lazima yawe yako, kwa maana nyuki huruka kilomita 2 au 3 akitafuta chakula, wala haulizi mpaka wa shamba uko wapi.

Wakulima wengi wanaokuja kuuliza habari za nyuki huanza na swali hili: "Bwana, mzinga nimekwisha tengeneza. Nyuki wenyewe nitawanunua wapi?" Wako watu wanaouza nyuki pamoja na mzinga, na mwenye fedha aweza kununua. Lakini mkulima anayeanza hana haja ya kutumia fedha hizo. Nyuki wa mwitu hupita juu ya shamba lake kila mwaka wakitafuta nyumba. Kazi yake ni kuweka nyumba nzuri mahali pazuri kabla hawajapita, na wakisha kuingia, awaache. Hilo la pili laonekana rahisi, lakini ndilo linalowashinda watu. Nimeona mizinga mingi iliyoingiwa na nyuki ikawa mitupu tena baada ya wiki moja au mbili, na mara nyingi mwenye mzinga ndiye aliyewafukuza bila kujua. Mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo, kama nitakavyoeleza mbele.

Kwa nini nyuki huhama

Kundi la nyuki lina malkia mmoja, maelfu ya nyuki watenda kazi ambao wote ni majike, na madume kadhaa wakati wa maua. Mvua ikinyesha na maua yakifunguka, malkia hutaga mayai mengi, chakula huingia kwa wingi, na nyumba hujaa. Ndipo watenda kazi huanza kulea malkia wapya katika vyumba virefu vinavyoning'inia kwenye sega, kila kimoja mfano wa karanga katika ganda lake. Kabla malkia mpya hajatoka, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki, akiwaachia watoto nyumba ya zamani. Pengine makundi mengine madogo hufuata siku chache baadaye, kila moja na malkia kijana. Huko ni kugawanyika, na ni alama ya neema.

Kuna kuhama kwa namna nyingine. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuacha nyumba kuliko nyuki wa Ulaya. Wakikosa chakula au maji, wakichomwa na jua, wakivamiwa na siafu, au wakisumbuliwa mno na binadamu, huondoka wote pamoja na malkia wao. Wengine huhama tu kufuata maua, kama vile mfugaji afuatavyo malisho. Tabia hii ndiyo inayotupa nyuki bure, na ndiyo hiyo hiyo inayotunyang'anya.

Hapo zamani, na hata leo, wako watu ambao wakitaka nyuki huenda kukata mti wenye mzinga wa mwitu. Sishauri jambo hilo. Mti uangukapo, masega huvunjika, watoto wa nyuki hupondwa, na malkia mara nyingi hufa, hata huwezi kupata kundi zima la kuweka katika mzinga wako. Na ninyi ambao mashamba yenu yapakana na misitu ya serikali, kama vile ukingoni mwa Aberdare au Mau, kumbukeni kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza kuchukua asali au kutundika mzinga humo bila kibali. Hakuna haja ya kuingia msituni. Nyuki wa msituni watakuja kwako.

Sanduku la kunasia nyuki

Mzinga wowote mkavu usio na nyufa waweza kuingiwa na nyuki. Mzinga wa gogo, ambao Wakamba, Waogiek na wengine wameutumia tangu zamani, huingiwa vizuri sana. Ubaya wake ni kwamba huwezi kukagua yaliyo ndani bila kukata masega. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1970, hapa hapa Kenya, wataalamu wetu pamoja na wengine kutoka Kanada walitengeneza mzinga wenye vibao vya juu. Kila kibao hubeba sega moja, nawe waweza kukiinua, kukitazama na kukirudisha. Fundi yeyote wa kijijini aweza kuutengeneza. Huning'inizwa kwenye waya kimo cha kiuno au kifua, na kwa sababu hauhitaji kupanda mti, akina mama wengi siku hizi wafuga nyuki, kazi ambayo kwa mababu zetu ilikuwa ya wanaume.

Basi kwa kunasia, tengeneza sanduku dogo lenye umbo lile lile la mzinga wako, juu pana na chini pembamba, ila liwe fupi, la kupokea vibao 7 tu. Ukiwa na mzinga tayari, chukua vipimo kutoka kwake ili vibao viingie kote kuwili bila kukatwa. Kwa mfano: upana wa ndani sentimita 44 juu na 19 chini, kimo sentimita 30. Sanduku la namna hiyo lenye vibao 7 lina nafasi ya ndani kupita debe moja kidogo. Makundi ya nyuki wetu hayadharau nyumba ya kiasi hicho, na mtu mmoja aweza kulipandisha mtini.

Kipimo kimoja usikibadilishe: upana wa kibao cha juu uwe milimita 32. Nyuki wetu huacha nafasi hiyo kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya sega la pili. Nyuki wa Ulaya huacha zaidi, na ndiyo sababu mizinga mingine iliyoletwa kutoka nje haikuwafaa nyuki wetu. Fundi akikwambia, "Nitaweka inchi 1 na nusu, ni karibu sawa," mkatalie. Kibao kikiwa kipana mno au chembamba mno, nyuki watajenga sega moja juu ya vibao viwili, na hutaweza kuinua hata kimoja.

Vibao vikae vikigusana pasipo mwanya. Mlango uwe upenyo wa chini mbele ya sanduku, kimo milimita 8 hadi 10, urefu kama vidole vinne. Panya hapiti hapo. Nyufa nyingine zote zibwe kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kwa maana nyuki hawapendi nyumba inayoingiza mwanga na upepo. Juu weka bati, na juu ya bati funga nyasi kavu, la sivyo jua la mchana litaifanya nyumba kuwa tanuri.

Ubao wa zamani ni bora kuliko mpya. Ikiwa mbao zako za saipresi zimetoka kiwandani jana na bado zanuka utomvu, ziache nje zipigwe na upepo wiki kadhaa. Usipake rangi ndani. Wala usipake oili chafu ya gari kwa kuogopa mchwa, kama nilivyoona kwa mkulima mmoja aliyengoja nyuki miaka 2 akishangaa kwa nini hawaji. Pua yake ilikuwa imezoea, nyuki hawakuzoea.

Nta na mchaichai

Nyuki huchagua nyumba kwa harufu pia. Sanduku ambalo limewahi kukaliwa na nyuki huingiwa upesi kuliko jipya, kwa maana lanuka nta na ile gundi nyeusi ambayo nyuki hubandika katika nyufa. Ukiweza kupata sanduku la namna hiyo kwa rafiki, ni bahati. Ukikosa, fanya hivi.

Tafuta nta safi kwa mtu anayevuna asali. Iyeyushe katika chombo kidogo kilichowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, kwa hivyo haihitaji maji yachemke sana. Usiiweke sufuria ya nta juu ya moto wenyewe. Nta ikishika moto huwaka kama mafuta ya taa, na ukiimwagia maji moto huruka hadi darini. Nta ikiyeyuka, imimine kwa uangalifu katikati ya upande wa chini wa kila kibao, mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuki watafuata mstari huo wanapojenga. Iliyobaki, paka kuta za ndani na kando ya mlango kwa kitambaa.

Kisha chuma majani ya mchaichai, yale yale tunayotia katika chai, uyafikiche mikononi mpaka yatoe harufu, na uyasugue ndani ya sanduku na mlangoni. Huu si uganga. Nyuki mtenda kazi ana tezi karibu na ncha ya mkia ambayo hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo ina vitu vilivyomo pia katika mafuta ya mchaichai. Harufu ya majani hupotea baada ya siku chache, basi rudia kila wiki wakati wa kuhama kwa nyuki.

Kuna kosa moja ambalo nalikuta karibu kila skimu: watu huweka sahani ya asali au maji ya sukari ndani ya sanduku. Kundi linalotafuta nyumba halitafuti sahani. Utakaowapata ni siafu, pamoja na nyuki wa kundi jingine wanaokuja kuiba na kwenda zao.

Mahali pa kutundika

Hapa nataka msomaji atulie, kwa sababu shamba la skimu ni dogo, watu ni wengi, na nyuki wetu ni wakali wakilinda nyumba yao. Kundi likiwa dogo na jipya huwa na upole. Likijaa na kuwa na asali, si wale uliowapokea.

Jirani yangu mmoja aliweka mzinga nyuma ya jiko, penye kivuli kizuri cha mgrevilea. Miezi mitano hapakuwa na neno. Siku moja mchana wa jua kali mtoto alifunga mbuzi hatua 10 kutoka hapo, karibu na mti huo huo. Mbuzi alizunguka akajifunga kwa kamba yake, akapiga nguzo ya mzinga kwa pembe. Watoto walikimbia nyumbani wakafunga mlango. Mbuzi hakuweza kukimbia. Tulimkuta amekufa, na nyuki walikuwa bado wanaruka wakati wa magharibi. Mnyama aliyefungwa ndiye anayeuawa na nyuki mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa njia ya kujiokoa ni moja tu, nayo ni kukimbia.

Kwa hivyo chagua pembe ya shamba iliyo mbali na nyumba, zizi, njia ya watu, na mahali pa kuchotea maji. Hatua 100 si nyingi. Ikiwa shamba lako halina nafasi hiyo, zungumza na jirani mwenye kipande cha miti, mkubaliane kugawana asali. Panda ua mnene wa kayaba kuzunguka mahali pa mzinga, mrefu kupita kimo cha mtu, ili nyuki wakitoka waruke juu ya vichwa vya watu. Mlango utazame mbali na njia. Mwambie jirani kabla ya kuweka, si baada ya mtoto wake kuumwa. Na nyumbani mwako uliza kama yuko mtu ambaye akiumwa na nyuki huvimba uso au kukosa pumzi. Ikiwa yuko, mzinga usiwe katika shamba hilo.

Sanduku la kunasia liwekwe penye kivuli, pasipopigwa na upepo mkali, kimo cha futi 8 hadi 10, juu ya tawi nene au baina ya nguzo mbili. Liwe mahali panapoonekana kwa anayeruka, kama vile ukingo wa kichaka, si katikati ya majani mazito. Waya za kutundikia zipakwe grisi ili siafu wasiteremke, na matawi yanayogusa sanduku yakatwe, kwa maana tawi moja ni daraja tosha. Karibu na hapo weka karai la maji lenye mawe ndani, nyuki wapate pa kusimama wasizame. Likauke hata siku tatu wakati wa kiangazi, nao watahamia bomba la jirani, na ugomvi utaanza.

Tundika masanduku 3 au 4 ikiwa waweza, mahali mbalimbali. Anayetundika moja hungoja sana.

Wakati wa kutundika

Katika sehemu nyingi za Kenya tuna mvua za masika, Machi hadi Mei, na mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Lakini usifuate kalenda ya gazeti. Fuata maua ya kwenu. Mahali penye kahawa, mibuni huchanua muda mfupi baada ya mvua ya kwanza. Kwingine ni migunga, kwingine mikaratusi au miparachichi. Huko Nyandarua kwenye baridi, siku za nyuki si zile za Mwea. Uliza wazee ni mwezi gani huona mabumba ya nyuki yakipita, na wewe ukiyaona andika tarehe katika kitabu chako cha shamba. Baada ya miaka 2 utakuwa na kalenda bora kuliko yangu. Masanduku yawe tayari yametundikwa wiki 3 au 4 kabla ya siku hizo.

Wapelelezi

Kundi likitoka nyumba ya zamani halijui liendako. Hujikusanya kwanza kama bumba juu ya tawi, nyuki wakishikana, malkia akiwa katikati. Kutoka hapo nyuki wazee wazoefu, mia kadhaa, huenda kupeleleza. Mtaalamu wa Kijerumani Martin Lindauer alieleza jambo hili katika mwaka 1955 baada ya kutazama mabumba kwa muda mrefu. Mpelelezi akirudi, hucheza juu ya migongo ya wenzake, na mchezo wake waonyesha upande na umbali wa nyumba aliyoiona. Ikiwa nyumba ni nzuri, hucheza kwa nguvu na muda mrefu, na wengine huenda kujionea. Mwanzoni wengine husifu tundu la mti huu, na wengine ufa wa ukuta ule. Mwishoni wote husifu nyumba moja, na kundi huruka. Ni baraza isiyo na mwenyekiti, na nadhani yamaliza shauri upesi kuliko mabaraza yetu.

Utawatambua wapelelezi kwenye sanduku lako. Hawaleti kitu. Huruka polepole mbele ya mlango wakilitazama sanduku, hutua, hutembea juu ya kuta zote, huingia, hutoka, huzunguka nyuma. Leo watakuwa 3 au 4, kesho 20. Ukiona hivyo usiongeze mchaichai, usipige nyundo, usipande mti kuchungulia. Wakifika wengi sana na kubaki mlangoni, basi siku hiyo au ya pili wingu la nyuki laweza kufika kwa mvumo mkubwa. Waite watoto waingie ndani, fungua kamba za wanyama walio karibu, nawe ukae mbali utazame. Pengine wapelelezi watatoweka wote, maana yake wameamua nyumba nyingine. Usivunjike moyo.

Nyuki wakisha kuingia

Sasa nitaeleza kosa langu. Kundi langu la kwanza liliingia siku ya Jumamosi saa nane mchana. Siku ya Jumatano sikuweza kuvumilia. Nilipuliza moshi, nikainua bati, nikafungua vibao viwili. Niliona sega jipya jeupe, dogo kama kiganja cha mkono, nikafurahi, nikamwita mke wangu naye aone. Asubuhi ya Ijumaa sanduku lilikuwa kimya. Kile kiganja cha sega kilibaki, hakina hata yai moja.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Kundi jipya halina kitu cha kupoteza. Halina watoto wala akiba. Likitishwa, huondoka. Lakini malkia akisha taga na watoto wakisha kuanza kulelewa, nyuki hawawaachi upesi. Watenda kazi wapya huanza kutoka vyumbani baada ya siku 20 hivi tangu yai kutagwa. Basi kutoka siku ya kuingia hesabu mwezi mmoja, na katika mwezi huo usifungue sanduku kwa sababu yoyote. Tazama mlango tu, kutoka mbali. Ukiona nyuki wakirudi na vifurushi vya unga wa maua miguuni, vya manjano au rangi ya chungwa, hicho ni chakula cha watoto, na ni dalili njema.

Ikiwa mvua imekatika ghafula na maua hakuna, waweza kuwasaidia kundi jipya kwa sukari: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji ya moto, koroga, ache ipoe. Baada ya mwezi wa kwanza iwekwe ndani ya mzinga jioni. Kabla ya hapo iweke karibu na sanduku, si chini yake, na uangalie siafu.

Kuwahamishia katika mzinga

Nyuki hukariri mahali pa nyumba yao. Ukiisogeza hatua 50, watakaokuwa shambani watarudi mahali pa zamani na kupotea. Kanuni ni kusogeza chini ya hatua moja kwa mara moja, au kupeleka mbali zaidi ya kilomita 3. Kwa hivyo nashauri kutundika sanduku mahali pale pale mzinga utakapokaa. Mwezi ukiisha, literemshe kama futi 1 kila usiku mpaka lifikie kimo cha mzinga. Kisha jioni moja, jua likiwa limekaribia kuzama, ondoa sanduku, weka mzinga mahali pake, mlango ukitazama upande ule ule, na uhamishe vibao.

Kazi hii ifanywe na watu wawili waliovaa ovaroli, gambuti, glavu na kofia yenye wavu, na mmoja awe amewahi kuifanya. Bomba la moshi litiwe magunzi makavu au mavi makavu ya ng'ombe. Mpira, plastiki na mafuta ya taa havifai. Huwatia nyuki wazimu na kuharibu nta. Puliza kidogo mlangoni, ngoja dakika 2, kisha puliza kidogo juu. Inua kibao kimoja kimoja wima, usikilaze, kwa maana sega jipya ni laini na huanguka kwa uzito wake. Viweke katika mzinga kwa mpango ule ule vilivyokuwa, jaza vibao vingine vitupu kando, kung'uta nyuki waliobaki sandukuni ndani ya mzinga, funga, ondoka. Zisipite dakika 20.

Mwiba wa nyuki ukikuchoma ukwangue mara moja kwa ukucha, usitafute namna nzuri ya kuutoa, kwa kuwa kila sekunde huzidi kutia sumu. Mwiba huo pia hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, nayo huwaita nyuki wengine waje kuchoma pale pale. Ukifuatwa na wengi kimbia moja kwa moja uingie nyumbani au ndani ya kichaka. Usisimame ukipunga mikono. Mtu akivimba uso au ulimi, au akikosa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wakulima wengine huuliza kama nyuki wa mwitu huleta magonjwa. Utitiri wa varoa, ambao umeua nyuki wengi Ulaya na Marekani, ulionekana katika Kenya mwaka 2009, na waweza kuwa juu ya kundi lolote utakalonasa. Lakini nyuki wetu kwa jumla hustahimili bila dawa. Akija mtu kukuuzia dawa ya varoa, weka fedha zako mfukoni na umwulize kwanza afisa wa mifugo wa kata yako. Sumu iliyo hatari zaidi ni ile unayonyunyizia nyanya na viazi. Ikiwa ni lazima kunyunyiza, fanya jioni nyuki wakisha kurudi, si asubuhi maua yakiwa wazi.

Sanduku likibaki tupu

Msimu ukipita bila nyuki, teremsha sanduku ulitazame ndani. Mara nyingi utakuta mwenyeji mwingine: buibui, mjusi, siafu, au viwavi wa nondo wanaokula nta na kuacha utando. Nyuki hawaingii nyumba yenye watu. Safisha, pitisha moto wa nyasi haraka ndani kuua mayai ya nondo, paka nta mpya, na ulihamishe upande mwingine wa shamba, labda ukingo wa mto au karibu na miti inayochanua. Sanduku langu la tatu lilikaa tupu misimu mitatu juu ya mkaratusi. Nilipolishusha na kulitundika kwenye mgunga uliokuwa hatua 40 tu kutoka hapo, nyuki waliingia siku ya 9.